Chupa za Dada Mariamu: Moroni, Napoli, Mutsamudu

Tangu nirudi, hakuna hata mmoja wenu aliyeingia kwangu akaanza na pole ya safari. Wote mnaanza na kitanda. Ati ni kweli shuka zake ni hariri? Ati ni kweli wafalme wamelala humo? Shoga yangu wa Mlandege, jina lako silitaji lakini unajijua, hukungoja hata nivue baibui. Basi nimeamua kuandika mara moja tu, mpokezane, msome, halafu mniache nipumzike. Hoteli nitawaeleza. Ila nitaieleza kwa hasira, maana ndiyo niliyorudi nayo.

Kwa asiyenijua vizuri: mie ni Mngazija wa Unguja. Wazee wetu walitoka Komoro, kisiwa cha Ngazija, sisi tukazaliwa hapa Malindi, na dada yangu mkubwa, Mariamu, akaolewa Mutsamudu, kisiwa cha Nzuwani, akahamia moja kwa moja. Dada Mariamu ana kisukari cha sindano. Akikosa insulini haumwi tu, anakufa. Na huu ni wakati Nzuwani imejitenga na serikali ya Moroni, na Moroni imekifunga kisiwa: ndege hazitui kiwanjani Ouani, meli za mizigo hazitii nanga Mutsamudu, simu zimekatwa, na hadi naandika haya bado zimekatwa. Barua yake ya mwisho ilinifikia imekunjwa ndani ya soksi ya msafiri. Ilikuwa na mistari miwili. "Dawa yangu inakwisha mwezi wa mfungo sita. Usimwambie mtu."

Wakatokea Wataliano fulani wa mambo ya hisani. Walitaka watu wa Moroni na watu wa Mutsamudu wakae meza moja, mbali na bunduki, na tajiri mmoja mwenye hoteli ya kale kule Napoli akatoa vyumba. Wakatafuta mkalimani wa Kingazija na Kitaliano. Mie nimetandika vitanda na kupokea wageni kwenye hoteli za Wataliano Kiwengwa miaka kumi na moja, Kitaliano nakisema hata usingizini. Nikasema naja. Sikwenda kwa ajili ya amani, mashoga zangu, msije mkanisifu bure. Nilikwenda kutafuta insulini.

Moroni: kesho ya Mvuni

Nilidhani nitalala Moroni usiku mmoja. Nililala tisa. Ndege inakuja kesho, na kesho ikifika, ndege inakuja kesho. Nilifikia Mvuni, kule juu mlimani, kwa Fundi Mmadi, mkuu wa ujumbe wa Moroni. Huyu ni mtu aliyefanya ndoa kubwa, ile harusi ya ada ambayo Mngazija asipoifanya, hata awe na mvi na shahada tatu, barazani anakaa nyuma na kuitwa mtoto wa mji. Fundi Mmadi anakaa mbele. Anasema kwanza, na fungu lake la nyama linajulikana kabla ng'ombe hajachinjwa. Alisoma Unguja ujanani, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha vitabuni, kizuri kuliko changu, na hakuacha siku ipite bila kunisahihisha.

Mkewe, Bi Esha, alinilisha hadi nikaona haya. Asubuhi mkate wa sinia, mchana mataba, yaani kisamvu chao cha nazi chenye samaki ndani, jioni mkate tena. Chakula kitamu, wallahi, lakini kila tonge nilikuwa nalimeza nikipiga hesabu ya siku zilizobaki hadi mfungo sita. Siku ya nne sikuweza tena. Nikamfuata Fundi ukumbini.

"Kwezi, Fundi," nikamwamkia kwa adabu ya kwao. "Huko mezani, naomba la kwanza liwe dawa. Boti moja tu ya dawa iruhusiwe kwenda Mutsamudu."

Akanitazama kwa juu ya miwani. "Wakiomba, tutawapa. Sisi si makafiri, mwanangu. Lakini waombe."

"Na wasipoomba?"

"Basi hawana haja."

"Dada yangu ana haja."

"Dada yako si mjumbe," akasema, akarudi kwenye tasbihi yake.

Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara tatu ili nisirudi kumjibu. Bi Esha alikuwa ananiangalia kutoka jikoni. Akanipa kikombe cha chai.

Napoli: hoteli yenu hiyo

Tulibadilisha ndege mara tatu. Katika kiwanja kimoja walimweka Fundi Mmadi nusu saa nzima wakiipiga picha bakora yake ndani ya mashine, na yeye kasimama na joho lake lililotariziwa, hataki kukaa, kwa sababu kiti walichompa kilikuwa nyuma ya vijana wa mpira. Nikabaki natafsiri utukufu wake kwa watu ambao hawakuuliza.

Haya, hoteli. Iko mbele ya bahari, na ng'ambo ya maji kuna mlima wa moto. Fundi Mmadi alipouona tu akasema, "Kumbe na wao wana Karthala yao," akafurahi kama aliyekutana na jamaa. Ngazi ni za marumaru, zimeliwa katikati na nyayo za watu wa miaka mia. Taa za dari ni kubwa kuliko chumba changu cha hapa. Viti vya mahameli mekundu. Ukutani picha za wanawake uchi, kubwa, kila pembe, hata wajumbe wetu wakawa wanapita ukumbini macho chini, na Fundi akamgonga mhudumu mwenye sinia la vikombe. Kitanda ni kirefu, unakipandia kwa kistuli. Shuka ni za pamba, si hariri. Nimezihisi uzi kwa uzi, maana sikulala.

Kilichowafurahisha wazee ni kimoja, na kilikuwa chooni: beseni la kutawazia, la kauri, lenye mifereji yake. Wajumbe wote sita walikubaliana kuwa Wazungu hawa ni waungwana. Chakula kikawa vita. Kila mchuzi uliulizwa una nini, kila nyama ilirudishwa, hadi mpishi mkuu akatoka jikoni na kofia yake ndefu kuuliza amewakosea nini. Nikamwambia hajakosa. Siku zote hizo tulikula samaki, nyanya na mkate, na lifti ya shaba iliyokuwa ikibeba watu watatu ilitumaliza robo saa kila asubuhi, kwa sababu hakuna mjumbe wa Moroni aliyekubali kushuka baada ya mjumbe wa Mutsamudu, wala huyu baada ya yule. Mie nilikuwa nashuka kwa ngazi.

Wa Mutsamudu walikuja kupitia Maore, kisiwa kilichobaki kwa Wafaransa. Mkuu wao aliitwa Bwana Humadi, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu msafi, kofia imenyooka, ananukia udi. Kumbe jirani yake dada, mtaa mmoja. Nilipojua hilo nilimrukia na maswali.

"Hajambo, anakusalimu sana," akanijibu.

"Na dawa zake?"

"Hajambo," akasema tena, akaangalia saa.

Kikao kikaanza. Mwenyekiti Mtaliano, mzee mpole, akauliza watu wa Nzuwani wanahitaji nini kwa haraka. Nikatafsiri. Nikasema sasa linasemwa.

"Waambie hatuna shida," akasema Bwana Humadi.

Mtaliano akauliza mchele. Upo. Mafuta ya taa. Tunayo. Hospitali je? "Inafanya kazi, alhamdulillahi." Jamani! Mie nilikuwa na barua ya dada ndani ya mkoba, na aliyeileta aliniambia kwa mdomo wake kuwa hospitali ya Mutsamudu wagonjwa wanajiletea hata pamba. Nikanyamaza. Mwenyekiti ananiangalia. Bwana Humadi akaniambia taratibu, "Tafsiri, mwanangu." Nikatafsiri. Fundi Mmadi upande wa pili akatikisa kichwa kwa kuridhika: hawaombi, basi hawana haja. Siku ya pili wakauliza tena, jibu lile lile. Siku ya tatu hivyo hivyo.

Nilimkamata Bwana Humadi chini ya picha moja ya wale wanawake uchi, mahali ambapo asingeweza kuinua macho. Nikamwambia anadanganya. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Unataka niseme mbele ya Wangazija hawa kuwa mama zetu wanakufa? Waende wakalizungumze barazani mwaka mzima? Sitara, Zuhura. Hata wewe umelelewa nayo."

"Sitara haidungwi kwa sindano, Bwana Humadi."

Akanipita akaenda kuswali.

Napoli tena: friji

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo pande zile mbili zilikubaliana. Moja tu, katika siku sita za meza. Kila chumba kilikuwa na kifriji, na ndani yake vichupa vya pombe. Siku ya kwanza tu Fundi Mmadi alileta hoja, Bwana Humadi akaiunga mkono kabla hajamaliza: vyumba vyetu visafishwe. Mtaliano akaona bora, mwanzo mwema, akawapiga picha wakishikana mikono. Akaitwa Signora Carmela, msimamizi wa vyumba, mwanamke mnene mwenye funguo kiunoni.

"Mwambie vitoke vyote," akasema Fundi.

"Pombe yote," nikasema.

"Nimesema vyote. Hata juisi, hata maji. Hatujui vimekaa ubavuni mwa nini. Vyumba vyote vya wageni wa Komoro."

Nikatafsiri: vyote, vyumba vyote. Signora Carmela akasema ataomba ruhusa kwa wakubwa. Siku ikapita, ya pili ikapita, kimya. Nikasahau. Nawaambia kweli, nilisahau kabisa, kichwa changu kilikuwa kwingine.

Kwa sababu siku ya tatu nilifanikiwa. Hoteli ilikuwa na daktari wake, mzee anayetembelea wageni. Nilimlilia hadi akanisaidia. Chupa kumi na mbili za insulini! Za nusu mwaka! Nilizipanga ndani ya kifriji changu nyuma ya juisi, moja moja, na usiku ule ndio pekee niliolala kwenye kitanda chenu hicho cha wafalme.

Siku ya sita narudi kutoka kikaoni, nafungua chumba, naona mlango wa friji uko wazi. Ndani kutupu, kumefutwa, kunang'aa. Juu yake bakuli la matunda na kadi iliyoandikwa vizuri, wanaomba radhi kwa kuchelewa kutekeleza ombi la wageni.

Nilishuka zile ngazi za marumaru miguu mitupu. Signora Carmela nilimkuta kwenye stoo yake ya shuka. Akatabasamu! Akaniambia nisiwe na wasiwasi, mhudumu wake ana akili, aliona ni dawa ya kukaa baridi, hakuitupa, ameiweka penye baridi kuliko pote. Akanishika mkono akanipeleka jikoni, akafungua mlango mzito wa chumba cha barafu. Chupa zangu kumi na mbili zilikuwa zimepangwa juu ya rafu ya aiskrimu. Zimekuwa nyeupe, ngumu. Mbili zimepasuka.

Daktari alikuja, akaziangalia, akatikisa kichwa. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni nikatukana kwa lugha tatu. Signora Carmela akalia kuliko mie, maskini, akavua aproni akatoka mwenyewe kutafuta. Lakini ilikuwa Jumapili, maduka ya dawa yamefungwa mji mzima isipokuwa moja, na asubuhi yake tunaondoka. Akarudi na chupa nne.

Nikamwendea Fundi Mmadi kwenye kiti chake cha mahameli. Nikamwambia, "Fundi, umemuua dada yangu." Nikamweleza. Akaisimamisha tasbihi.

"Nilikusudia pombe," akasema.

"Ulisema vyote."

"Na wewe ukatafsiri vyote."

Hapo nilitaka kumtandika kwa bakora yake mwenyewe, kwa sababu alisema kweli. Kinywa kilichoagiza ni changu. Niliondoka nikaenda kumtafuta Bwana Humadi, maana yeye anarudi kupitia Maore na siku ya pili atakuwa Mutsamudu, na pasi yangu mie haikuniruhusu njia hiyo. Nilimkuta anafunga sanduku. Nikampa termosi yenye chupa nne, nikamwomba ampelekee dada.

Akaishika. Akaipima mkononi.

"Nikikutwa nayo, watasema ujumbe wa Mutsamudu umekwenda Ulaya kuomba dawa," akasema.

"Si ya ujumbe! Ni ya jirani yako!"

"Nani atauliza ya nani?" Akanirudishia termosi, akageuka kukunja kanzu zake. Sikumwambia hata safari njema.

Moroni: bandarini

Haya, rudini nami Mvuni. Bi Esha nilipomweleza hakuuliza swali, akatoa samaki wake wote ndani ya friji, akaziweka chupa nne peke yao, na umeme ulipokatika, na ulikuwa unakatika kila siku, alizifunga kwa kitambaa chenye maji akaziweka dirishani penye upepo wa mlima. Wanawake kama hawa hawaalikwi Napoli.

Kutoka Moroni kwenda Mutsamudu kulikuwa na njia moja tu: boti ya mizigo iliyoruhusiwa kupeleka maiti na wafiwa. Anayekwenda kuzika hazuiwi, hilo hata Moroni katika hasira zake haikuthubutu. Wengine wote hapana. Kila asubuhi nilishuka bandarini na termosi yangu, nikamweleza afisa, nikamwonyesha barua aliyonipa daktari wa hoteli, nikamwambia dada ni mgonjwa. Akanijibu, "Mgonjwa si maiti, mama." Siku saba. Nikikumbuka lile "mama" lake damu inanichemka hadi leo.

Siku ya nane Fundi Mmadi aliniambia twende wote. Tangu Napoli tulikuwa tunaamkiana tu. Alivaa joho lake lote, kilemba, bakora, kama aendaye harusini, na tulipofika langoni mwa bandari akaniinamia sikioni.

"Lia," akasema.

"Nini?"

"Lia, mwanangu."

Kisha akamgeukia afisa. "Huyu dada yake amefariki Mutsamudu. Anakwenda kuzika."

Afisa akasimama. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Akanitazama mie, akamtazama Fundi. Alikuwa ananikumbuka, siku saba nimemwambia mgonjwa. "Wallahi, Fundi?"

Na Fundi Mmadi, mtu asiyekunywa maji yaliyokaa ubavuni mwa chupa ya mvinyo, akainua mkono akaapa. Akaapa kwa Mungu kuwa dada yangu amekufa. Nililia kweli, mashoga, si kwa kujifanya. Nililia kwa hasira, maana chuki niliyokuwa nimemwekea ilikuwa bado nzima na sasa sikujua niiweke wapi. Mkoba wa mfiwa haupekuliwi. Nikapita na termosi yangu. Sikumshukuru, na sijamshukuru hadi leo.

Kwenye boti tulikuwa na jeneza la mzee mmoja na wafiwa kiasi cha ishirini. Tuliondoka kulipopambazuka. Kila mtu alinipa pole, wakanipisha penye kivuli, wakanipa muhogo wa kuchoma. Mwanamke mmoja akaniuliza alikuwa anaumwa nini. Nikasema kisukari. "Ah, hicho kimewamaliza kule," akasema, akamwombea dada yangu dua ya maiti, kwa jina lake, mara moja, mara mbili, kila boti ilipoyumba. Nami nikawa naitikia amini. Mngefanyaje nyie?

Mutsamudu: mlango wa dada

Tulifika jua halijazama. Vichochoro vya Mutsamudu vinabana hadi mabega yanagusa kuta, na nilivipita mbio. Dada Mariamu alifungua mlango mwenyewe, kajifunga shiromani lake jekundu, kakonda hadi mifupa ya shingo inahesabika.

"Umekonda," akaniambia yeye.

Nilimshika, nikamtolea termosi. Chupa tukaziweka ndani ya mtungi mkavu, nao mtungi ndani ya karai la maji, maana umeme hakuna. Akazitazama zote nne. Hakuuliza mbona nne. Akasema alhamdulillahi, akaniuliza kama nimekula.

Kulipokucha wakaanza kuja. Wa boti walikuwa wameshautangaza msiba. Wanawake watano wa mtaani wakafika na juzuu zao kwapani, kimya, macho mekundu, na dada yuko mlangoni anamenya shelisheli. Wa kwanza alipiga ukelele akaangusha juzuu zote.

"Kafa nani?" dada akauliza.

"Wewe!"

Basi ikawa kicheko na kilio pamoja, na Dada Mariamu, kwa kuwa wamekuja kwake na hawawezi kutoka hivi hivi, akawakaangia shelisheli lote wakala. Walipoondoka akanigeukia. "Umeniua ili uje kunitazama?" Alikuwa anacheka, lakini nusu tu.

Baada ya alasiri akaja Bwana Humadi, msiba kausikia mashamba. Alikuwa anakimbia. Kofia imekwenda upande, kanzu ina vumbi hadi magotini, analia waziwazi kama mtoto. Alipomwona dada amekaa kwenye mkeka alishika kizingiti kwa mikono miwili, akashindwa kuingia wala kurudi. Nilishangaa, nawaambia kweli. Nikasema, kumbe mtu huyu ana huruma. Dada akamkaribisha. Akampa kahawa. Wakaulizana hali ya bahari, hali ya safari, hali ya watoto, na yeye akawa anajibu huku anajifuta. Hakuomba kitu.

Dada akainuka, akaingia ndani, akatoka na mkono ndani ya shiromani. Akampa Bwana Humadi kitu kilichofungwa kwa leso. Akakitia mfukoni bila kukitazama. Lakini leso ilikuwa ya kitambaa chepesi, na mie vile vichupa nimeshavijua umbo. Viwili.

"Dada, hizo za nini?"

"Za mama yake," akasema, kama anayesema chumvi. Ndipo nikaelewa. Bi mkubwa ana kisukari kile kile. Tangu kisiwa kifungwe dada alikuwa anagawana naye dawa, nusu kwa nusu, ndiyo maana ikawa inakwisha mfungo sita badala ya kufika mfungo tisa. Na msiba uliomtoa mbio Bwana Humadi ulikuwa na mama yake ndani: dada akifa, na dawa ya mama imekwisha.

Nikasimama mlangoni. Sikujua kama nimesimama, nilijikuta nimesimama.

"Ulikuwa na mama yako kitandani, ukasema hatuna shida? Siku sita? Mie ningekutafsiria neno moja tu, Bwana Humadi, moja, boti ingekuja imejaa! Na chupa ulizishika mkononi ukanirudishia!"

Akasogea apite.

"Sema sasa. Hapa hakuna mjumbe wa Moroni wala Mtaliano. Sema mna shida, ndiyo upite."

"Zuhura," dada akasema. "Ondoka mlangoni."

"Aseme kwanza."

"Ondoka mlangoni mwangu."

Ni sauti ile ile aliyokuwa akinilelea nayo Malindi, mama alipokuwa kazini. Nikaondoka. Bwana Humadi alipita amebana ukutani asinigusie nguo, mkono mmoja mfukoni. Na dada akanigeukia, mara hii hacheki hata robo. Akaniambia nimemvua mtu nguo nyumbani kwake, nami kesho naondoka, yeye anabaki na mtaa, ataingiaje tena kwa mama wa watu. Nikamuuliza ataishije na chupa mbili. Akaanza kuokota maganda ya shelisheli.

Boti ya kunirudisha ilikuwa Ijumaa alasiri. Mchana ule, baada ya watu kutoka msikitini, dada akafungua redio yake ya betri. Redio ya Mutsamudu ilikuwa inasoma habari za ujumbe uliorudi kutoka Ulaya, kisha wakampa Bwana Humadi mwenyewe kipaza sauti. Sauti yake ilikuwa nzito, tulivu, nzuri. Akasema, tuliwaambia Wazungu na tuliwaambia Moroni uso kwa uso: Nzuwani haina shida. Chakula kipo. Hospitali zetu zinafanya kazi, na wagonjwa wetu wana dawa.

Dada alikuwa amekaa kwenye mkeka, amepandisha nguo hadi pajani, anavuta insulini kwa sindano. Nilimtazama mkono. Akavuta hadi nusu ya kipimo chake, akaacha hapo. Akasikiliza hadi Bwana Humadi akamaliza na kuagana na wasikilizaji.

"Kasema vizuri," akasema, akajichoma.